Msikilizaji Kutoka Turiani

Tangazo la redio lilisambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp siku ya Jumatano. Hadi jioni watu wengi zaidi walikuwa wameniuliza nani ananituma kuliko walioniuliza nitazungumza nini.

"Jumamosi hii, saa tano hadi saa saba mchana, Winfrida wa blogu ya Anga Bila Ada atakuwa nasi studio. Piga simu, tuma ujumbe, uliza chochote kuhusu anga." Pembeni waliweka picha yangu ya mahafali, joho na kofia, natabasamu kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Ujumbe wa kwanza ulisema: "Dada, hao wazungu wako wamekupa gari au bado?" Wa pili: "Mlima wetu hauuzwi." Wa tatu haukuwa na neno hata moja, ulikuwa na alama ya jicho tu.

Blogu niliianzisha nilipomaliza shahada ya fizikia, nikisubiri ajira ya ualimu ambayo mpaka leo naisubiri. Niliandika kwa Kiswahili, kwa simu, habari za mwezi, sayari na vyombo vinavyozunguka juu yetu. Wasomaji wangu walikuwa wanafunzi, walimu wachache, na nesi mmoja wa Dumila aliyekuwa akinitumia picha za mwezi. Sikuwa na mfadhili. Bando nilinunua mwenyewe.

Kisha mvua za masika zilipokuwa zinaisha, jioni moja, mwanga ulipita juu ya Uluguru. Watu wa mjini waliuona, watu wa Mlali waliuona. Ulipasuka vipande vipande, kama kijinga cha moto kikipigwa kwenye jiwe, ukapotelea nyuma ya milima. Niliandika kwamba huenda ni mabaki ya roketi yanayorudi duniani, na kwamba kuna vipande ambavyo haviungui vyote. Nikaongeza: ukiokota kitu usichokijua, usikiguse, toa taarifa serikali ya kijiji, au niandikie.

Kwangu ilikuwa sentensi ya usalama. Milimani ilisikika vingine. Kwetu mtu akija kuuliza umeokota nini shambani, baada yake huja mtu wa kupima, na baada ya mtu wa kupima huja bikoni, vile vijiti vya zege vya mipaka vinavyomwambia mkulima kwamba hapa si kwako tena.

Siku chache baadaye nilitumiwa picha kutoka namba nisiyoijua. Ilikuwa duara jeusi, kubwa kama boga, limezungushiwa nyuzi zilizobana kama kamba ya mnazi kwenye kata ya kubebea mzigo kichwani. Limewekwa juu ya uchaga, miti imejaa masizi, na pembeni yake mahindi yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Chini ya picha: "Hii ni nini? Inauzwa?"

Uchaga niliutambua kuwa ni wa milimani, ila wa jiko gani sikujua. Jikoni kwetu milimani, uchaga hujengwa juu ya mafiga, ili moshi ukaushe mbegu na kufukuza wadudu. Maana yake lile duara lilikuwa limekaa juu ya moto.

Nilijibu papo hapo: "Tafadhali zimeni moto. Tokeni jikoni." Ikaja tiki moja. Ya pili haikuja. Nilipiga, namba haipatikani, na haikupatikana tena.

Vitu vya namna ile hubeba gesi iliyoshindiliwa kwa nguvu ili isukume mafuta kwenye injini ya roketi. Likishatoboka si kitu, ni chuma na nyuzi tu. Lakini kama halikutoboka, na kila siku linapashwa joto kutoka chini, na chini yake ameketi mtu anapika maharage, hapo sikutaka hata kumalizia wazo. Nilipiga simu ofisi ya wilaya. Aliyepokea alikuwa muungwana. Aliuliza, "Kijiji gani, binti?" Sikujua. "Basi ukijua tupigie."

Ndiyo maana nilikubali kwenda redioni. Milimani kila jiko lina redio. Nilitaka kusema na jiko moja tu.

Jumapili kabla ya kipindi nilipanda nyumbani kuwaona bibi na mjomba. Kwetu, Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba la ukoo hupita kwa wanawake, na kaka wa mama ndiye mlinzi wake. Mama yangu alishafariki. Kwa hiyo matuta yote ya kabichi na njegere kutoka kwenye mkondo wa maji hadi njia ya misheni ni ya bibi, na baada yake ni yangu, na Mjomba Fidelis ndiye anayesimama mlangoni.

Siku ile tulikula barazani, ingawa ukungu ulikuwa umeshuka na bibi alikuwa amejifunika kanga mbili. Nilitaka kwenda kuota moto jikoni. Mjomba akasema, "Kaa hapa, jikoni moshi mwingi." Kisha akaniuliza huku akimenya kiazi:

"Sasa basi. Hao wa redio wanakulipa?"

"Hapana, mjomba."

"Nauli je?"

"Hapana."

Akamaliza kumenya kiazi. "Mtu asiyelipwa," akasema, "huwa tayari ameshalipwa."

Niliteremka nikiwa na uchungu. Nilidhani angalau kwa watu wangu ningeaminiwa.

*

Jumamosi, studio ilikuwa chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Mtangazaji, Jastin, alikuwa kijana wa sauti nene na mwili mwembamba. Kabla hatujaingia hewani aliniuliza mara mbili kuhusu picha ya lile duara, ambayo nilikuwa nimemweleza bila kumwonyesha.

"Namba ya aliyekutumia unayo?"

"Haipatikani."

"Nipe tu, mimi nina watu wangu mitandaoni."

"Watu gani?"

Akacheka. "Duh! Wewe unashuku kuliko polisi." Lakini hakuniambia ni watu gani.

Simu za kwanza zilikuwa nyepesi. Mwanamke wa Dumila aliuliza kama ni kweli watu walifika mwezini au walirekodi jangwani. Kijana mmoja akasema, "Dada Winfrida, hapa duniani tu ajira huna, ya huko juu umeyajulia wapi?" Jastin alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia yule kijana kwamba hata mimi nashangaa, ila huko juu hawaombi uzoefu wa miaka mitatu. Hapo nikahisi wanaanza kunisikiliza.

Nikasema nililokuja kusema, mara moja, kisha tena: kama kuna jiko lenye kitu kama kile, vuteni kuni, tokeni nje. Ujumbe ukamiminika. "Anataka tutoke ili waingie." "Muulize analipwa kwa dola?" Jastin aliusoma hewani kwa furaha.

Ilipokaribia saa sita akapokea simu nyingine. "Haloo, nani mwenzetu? Punguza sauti ya redio yako kwanza, ndugu msikilizaji. Zima kabisa."

Redio ya upande wa pili ikazimwa. Kisha: "Haloo. Mimi ni msikilizaji kutoka Turiani. Huku tunalima mpunga."

Sauti ilikuwa imebanwa puani, kama mtu anayeigiza mgonjwa.

"Karibu, uliza."

"Sasa basi. Mtu akiokota kitu kilichotoka juu, kimeanguka shambani kwake. Lile shamba linakuwa la nani?"

Watu walishaniuliza bei, mionzi, hata majini. Swali hili lilikuwa la kwanza la aina yake.

"Shamba linabaki la mwenyewe," nikasema. "Kile kitu ndicho chenye wenyewe. Mataifa yameshakubaliana kwamba chombo cha angani ni cha nchi iliyokirusha, hata kikianguka kwa mtu. Shamba halina kosa lolote."

"Hayo ni makubaliano yao. Sisi hatukuitwa."

"Ni kweli."

"Sasa basi. Na kama..."

Nyuma ya sauti yake kengele ikalia. Ilikuwa kengele ya sala ya mchana, na haikulia kama kengele za watu. Ililia kama mfuniko wa sufuria ukipigwa mwiko. Nchi nzima kuna kengele moja ya namna hiyo ninayoijua. Ilipasuka nikiwa darasa la nne, na tangu hapo tunasalia hivyo hivyo, misheni ya kwetu.

"Sasa basi." Mjomba Fidelis alikuwa akianza hivyo kila sentensi tangu nizaliwe.

"Ndugu msikilizaji," nikasema, "kama kipo juu ya moto, vuta kuni sasa hivi, mtoe mama nje..."

Simu ilikuwa imekatika. Redio yake alikuwa ameizima kwa amri ya Jastin. Sikujua alisikia mpaka wapi.

Jastin alikuwa ananitazama. Akapokea nyingine bila kuondoa macho. Huyu alijitaja kwa jina la Godlisten, yuko mjini, sauti ya mtu aliyeshiba. "Mimi sina swali. Huyo ndugu wa Turiani anipatie namba. Vyuma vya angani nanunua mimi, bei nzuri, na sitaki kujua kimetoka shamba gani." Nilimwona Jastin akiangalia kioo cha simu ya studio, ambako namba zote za waliopiga zilibaki.

Ikawa saa ya taarifa ya habari. Nilikimbilia koridoni na simu yangu.

Simu ya mjomba ilikuwa imezimwa. Bibi hana simu. Ningeweza kupiga polisi, lakini wangetoka mjini, na maharage ya bibi yalikuwa motoni wakati ule ule. Tena mjomba akiona gari la watu wenye sare kabla hajajiandaa, angekihamisha kile kitu, angekifukia, angekana mbele ya msalaba. Hata jirani nisingeweza kumtuma. Jirani hawezi kuingia jikoni kwa mtu na kumwambia azime moto. Kumwagia maji mafiga ya mwenzako ni kumtakia nyumba yake ife.

Hakuna anayeweza kufanya hivyo ila mtani.

Ukoo wa Kasiani na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Kasiani anaendesha bodaboda pale Mlali. Msiba wa mama yangu, yeye na wenzake waliruka ndani ya kaburi wakalala humo, wakakataa kutoka mpaka walipwe, huku wakimwambia marehemu kwamba alikuwa bahili na sasa ameondoka na chumvi yao. Tulilia na kucheka pamoja. Mtani anaingia kwako bila hodi, anabeba anachotaka, anakutukana, na wewe ukikasirika ndiye mwenye aibu.

"Mtani," nikasema alipopokea, "uko wapi?"

"Nipo hapa nakusikiliza redioni unavyodanganya watu. Mtu wa ukoo wenu ajue habari za mbinguni? Mbinguni hamwendi!"

"Kasiani, leo sikutanii."

"Mtani akisema hatanii ndiyo utani wenyewe huo."

"Lile duara liko juu ya uchaga wa Mjomba Fidelis. Bibi yuko chini yake."

Nilisikia kelele za stendi, honi, watu wakinadi nyanya.

"Usiliguse," nikasema. "Mtoe bibi kwanza. Ukiweza, vuta kuni kwa mbali, kwa mti mrefu, umwage maji kwenye makaa tu, usirushe juu. Ukiogopa, acha moto, zuia watu tu wasiingie."

"Mjomba wako atanipiga panga."

"Wewe hawezi."

"Eeh," akasema taratibu. "Mimi hawezi." Pikipiki ikawaka.

Nilirudi studio kuchukua mkoba. Jastin alisimama mlangoni.

"Bado tuna nusu ya kipindi. Unaenda wapi?"

"Nina dharura."

"Yule msikilizaji unamjua."

"Simjui."

"Winfrida, Turiani ndiko nilikozaliwa. Yule mzee hajawahi kukanyaga jaruba la mpunga." Akainua simu ya studio, akanionyesha kioo. "Namba nimeifuta. Yule Godlisten amepiga tena wakati wa habari, nimemwambia mtandao mbovu."

Kioo kilikuwa kitupu kweli. Lakini namba hufutwa baada ya kuandikwa kwingine pia. Nilimtazama usoni nikitafuta kitu cha kuniambia niamini au nisiamini, sikukipata. Nikamshukuru, nikaondoka.

*

Kutoka mjini hadi Mlali, kisha kupanda milima, nilipanda pikipiki mbili, na kila kona nilitega sikio kusikia mlipuko. Nilisikia maji tu, na mtu akichanja kuni.

Nilipofika uwanja wa nyumbani ulikuwa umejaa majirani, na majirani walikuwa wanacheka. Kasiani alikuwa amejilaza katikati ya njia ya kwenda jikoni, mbali na mlango, ameweka helmeti tumboni, ameziba njia kama watani wanavyoziba kaburi. Bibi alikuwa ameketi ng'ambo, chini ya ukingo wa matuta, mzima, kanga mbili begani. Nikashika mti.

"Ukoo gani huu!" Kasiani alikuwa anapiga kelele. "Mnapika maharage kama mnachemsha kokoto! Nimewazimia moto nikawaokoa meno!"

"Kasiani," mjomba akajibu kutoka barazani, "siku ukifa tutakuzika na hiyo pikipiki yako, gurudumu moja liwe nje, mbwa walikojolee."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye alikuwa anacheka, lakini macho yake hayakucheka. Yalikuwa yanazunguka uwanja yakitafuta nani anajua.

"Chukua kuku uondoke," akasema.

"Sitaki kuku. Leo jiko hili ni kaburi, na kaburi halifukiwi mpaka nilipwe. Nataka umwite mwenyekiti wa kijiji. Kwa mdomo wako mwenyewe."

Majirani waliona ni utani uliokolea. Mjomba aliacha kucheka.

Nilimwendea, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akanishika mkono tukasogea nyuma ya banda la mbuzi. "Umetoka redioni mapema."

"Ndiyo."

"Ulinijuaje?"

"Kengele."

Akageuka akatazama upande wa misheni. "Padri anatuchangisha kengele mpya tangu mwaka juzi," akasema. "Ningejua, ningetoa."

Sote wawili hatukucheka.

"Kwa nini hukuniuliza mimi, mjomba? Jumapili nilikuwa hapa."

"Ningekuuliza vipi? Sasa basi, sikiliza. Shamba hili si langu. Ni la mama yangu, na kesho ni lako. Mimi kazi yangu ni kulilinda. Wageni nawajua, najua kuwazuia. Lakini wakija kupitia kwa mwenye shamba mwenyewe, aliyesoma, anayeongea redioni, mimi nizuie nini? Niliposikia unaandika watu wakuletee walichookota, nilikutumia ile picha kwa laini ya kuazima, nikupime kama utataja bei. Nikasema, wameshampata mtoto wetu."

"Hakuna aliyenipata."

"Ndivyo ambavyo mtu aliyepatikana angesema."

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu na hakuna kitu nilichofundishwa kinachoweza kuthibitisha kwamba hujanunuliwa. Ningeweza kulia, na yeye angedhani ni ujanja.

"Mjomba," nikasema, "usiniamini. Niweke hapa. Wakija kukichukua, nitakuwepo. Wakirudi na bikoni, nitakuwepo pia, na bikoni ya kwanza tutaing'oa mimi na wewe. Siteremki mjini mpaka utakaposema niteremke."

"Na redio yako?"

"Iendelee bila mimi."

Alinipima kwa macho kama anavyopima mbuzi wa kununua. Kisha akatoka nyuma ya banda, akasimama mbele ya watu, akasema kwa sauti ambayo haikubanwa puani:

"Mwiteni mwenyekiti. Mwambieni Fidelis ameokota kitu."

Kasiani akainuka, akajikung'uta vumbi. "Acha nimngojee kuku wangu," akasema. "Sikusema simtaki kabisa."

*

Walikuja kesho yake, gari moja, watu wanne kutoka serikalini, wenye glavu. Jiko lilikuwa halijawashwa tangu jana, bibi amepikiwa kwa jirani. Mmoja wao, mama wa makamo, aliingia peke yake, akakaa humo kwa muda, akatoka taratibu akitembea kinyumenyume.

"Moto huu ulizimwa lini?" akauliza.

"Jana mchana," Kasiani akajibu.

"Kabla ya hapo ulikuwa unawaka?"

"Kila siku," bibi akasema.

Yule mama alitutazama mmoja mmoja, akatuomba sote twende kanisani tukasubiri huko, na mifugo tuiache. Kasiani, ambaye sijawahi kumwona bila neno, alimshika bibi mkono akamwongoza njia nzima kimya. Tulipoitwa turudi, gari lilikuwa limeshaondoka na mzigo wake, na kwenye uchaga kulibaki duara safi katikati ya masizi.

Mjomba hakutazama uchaga. Alizunguka shamba lote, tuta kwa tuta. Mahali ambapo mmoja wao alichomeka kijiti ili apande mteremko, alikichomoa akakivunja.

Jioni bibi aliomba kiberiti. Kasiani akasema aliyezima ndiye anayewasha, hiyo ni desturi, na kwa kuwasha analipwa kuku wa pili. Waligombana mpaka moto ukashika. Mjomba alikuwa amekaa nje kwenye benchi, mgongo kwa jiko, uso kwenye barabara inayopanda kutoka Mlali. Nilimpelekea chai. Aliipokea bila kugeuka.

"Hawajarudi na bikoni," nikasema.

"Ndiyo kwanza jioni ya kwanza."

Alisogea kidogo kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Kaa huku," akasema. "Huku unaiona kona yote."

Nikakaa.